Upande wa Maziwa na Upande wa Joto

Mhadhara kwa wafugaji, wahudumu wa vituo vya kupozea maziwa na vijana wa ufundi, Siongiroi, Kaunti ya Bomet



Najua swali mlilokuja nalo. Kiyoyozi, Siongiroi? Mtu wa Mombasa huhitaji hewa ya kupozwa ili apate usingizi. Mtu wa huku huhitaji blanketi ya pili. Swali ni la haki. Lakini siku mkienda Bomet au Kericho, zungukeni nyuma ya benki mtazame ukuta. Mara nyingi mtakuta kisanduku cha chuma kimetokeza nje, kinavuma, kinatoa hewa ya moto. Tazameni pia vile vibanda vya mitambo chini ya minara ya simu: vingi navyo vina kisanduku cha namna hiyo. Humo ndani hajalala mtu. Kuna kompyuta na betri zinazotoa joto usiku na mchana, na chumba kilichofungwa bila dirisha huwa tanuri hata kama nje ni asubuhi ya Julai na nyasi zimelowa umande.

Wala mashine hii haikuanza kwa ajili ya starehe. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza wa kurekebisha hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji kule Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikinyonya unyevu wa kiangazi na kutanuka, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Karatasi ndiyo iliyopozwa kwanza. Binadamu alifuata.

Hapa kwetu kinachopozwa kwanza ni maziwa. Siongiroi haimo katikati ya chai. Chai iko kule juu, Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek. Huku Chepalungu ni mahindi na ng'ombe. Wafugaji wa hapa walianzisha kiwanda chao cha kupozea maziwa karibu na mwaka 2000, wakisaidiwa na shirika la Heifer, na mwaka 2008 shirika hilo lilipoanza mradi mkubwa wa maziwa wa Kenya, Uganda na Rwanda kwa fedha za Wakfu wa Gates, kituo cha kupozea kinachomilikiwa na wafugaji ndicho kilichowekwa kiini cha mpango mzima. Kwa hiyo ninyi si wageni wa mashine za kupozea. Mmeishi nazo kwa muda wa kutosha kumzaa mtoto, kumsomesha na kumwoza.

Na mashine ya tangi la maziwa na ile ya kisanduku cha ukutani ni ndugu wa damu. Nitazisema zote mbili kwa pamoja, maana kinachoziua ni kimoja.

Tuanze na jambo ambalo hata mafundi wengine hulisema vibaya. Mashine ya kupozea haitengenezi baridi. Hakuna mahali popote ndani yake baridi inapopikwa. Inachofanya ni kuchota joto mahali ambapo hatulitaki na kulimwaga mahali pengine. Kompresa inaikamua gesi mpaka iwe ya moto sana. Gesi hiyo inapita kwenye mabomba ya shaba yaliyovishwa mapezi membamba ya alumini, feni inapuliza hewa, joto linaondoka na gesi inageuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho kinapenyezwa kwenye tundu dogo, kinatoka upande wa pili shinikizo likiwa limeshuka, kinachemka kwa ubaridi na kugeuka tena kuwa gesi, na katika kuchemka huko kinafyonza joto la chumba au la maziwa. Kisha safari inaanza upya. Ndiyo hayo tu. Ukiweka mkono nyuma ya friji ya dukani, lile joto unalolisikia ni joto la soda, pamoja na joto la stima iliyotumika kulihamisha.

Kila mashine ya namna hii, basi, ina upande wa kuchota na upande wa kumwaga. Kwenye tangi lenu, upande wa kuchota unagusa maziwa na upande wa kumwaga unagusa hewa ya nje. Kwenye kisanduku cha ukutani, pande zote mbili zinategemea hewa: mbele hewa ya chumba, nyuma hewa ya nje. Ukiizuia hewa upande wowote, joto linakosa njia, na kompresa inaendelea kusukuma na kusukuma mpaka ichoke.

Sasa niwaambie nilichokiona katika vituo vingi vya ukanda huu. Upande wa maziwa husafishwa vizuri sana. Lori likishabeba maziwa, tangi linaoshwa kwa maji ya moto, kwa soda kali, kwa asidi kila linapohitaji, linasuuzwa, mfuniko unasuguliwa kwa burashi, makopo yanapinduliwa kwenye rafu. Hilo lina mwenyewe, lina saa yake, na mkaguzi wa Bodi ya Maziwa akija ndilo atakalolitazama. Nenda sasa nyuma ya jengo, kwenye upande wa joto. Mapezi yamevaa blanketi la vumbi la murram, makapi ya nyasi, manyoya ya kuku na utando wa buibui. Mbele ya feni pameegeshwa boda boda. Juu ya kasha kuna magunia. Hapo hapana mwenyewe.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu mkutano wa wafugaji huelewa uniti za stima kuliko huruma kwa mashine. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na karibu nyuzi 38. Tuseme yanafika kituoni yakiwa na nyuzi 30, na yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4. Kwa lita 1,000, joto la kuondolewa ni kama uniti 29 kwa kipimo cha stima. Mashine iliyo safi, inayohamisha uniti tatu za joto kwa kila uniti moja ya stima, itakula uniti 10 hivi. Mashine ile ile ikizibwa mapezi mpaka ihamishe mbili tu kwa moja, itakula karibu 15 kwa maziwa yale yale. Uniti hizo tano hazikupoza hata kikombe kimoja. Mafundi wa fani hii wana kanuni inayosema kwamba kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka upande wa kumwaga huongeza matumizi ya stima kwa asilimia mbili hadi tatu, na vumbi la msimu mmoja wa kiangazi linaweza kupandisha nyuzi kumi bila shida.

Stima ni hasara ndogo, hata hivyo. Hasara kubwa ni muda. Mashine iliyozibwa hupoza polepole, na bakteria hawasubiri. Wakipata joto wanalolipenda huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa, maana yake ukichelewa saa tatu wamekuwa mara 64. Asubuhi lori linakuja, karani anachanganya maziwa na spiriti kwenye kijiko cha kupimia, yanaganda, na tangi zima linakataliwa. Hapo lawama huanza: mama fulani ameleta maziwa ya jana, kijana wa boda boda amechelewa njiani, fulani ametia maji. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Sijawahi kusikia mtu akisema, twendeni nyuma ya jengo tukaangalie mapezi.

Nirudi kwenye kisanduku cha ukutani, kwa kuwa vijana wengi hapa watakutana nacho kwenye kazi za mijini, na kina mambo yake.

Kuna kisanduku cha dirishani na kuna kisanduku cha ukutani, na watu wengi hudhani ni kimoja. Vyote viwili vina sehemu mbili ndani ya kasha moja, na kwa kawaida mota moja yenye shafti ndefu huzungusha feni zote mbili, ya ndani na ya nje. Tofauti iko pembeni. Cha dirishani kina matundu ubavuni, ndiko kinakovutia hewa ya kupozea mapezi ya nyuma. Cha ukutani hakina matundu ya ubavuni. Huvuta na kutoa hewa yote kwa nyuma, kwa sababu kimetengenezwa kikae ndani ya fremu ya chuma iliyojengewa ukutani. Sasa fundi mwashi anatoboa ukuta wa mawe wenye unene wa futi moja, anaingiza humo kisanduku cha dirishani, anapiga simenti mpaka kwenye mbavu zake, anapaka rangi, kazi inapendeza. Amekiziba pua. Mashine hiyo itakuwa ya moto tangu siku ya kwanza, itajizima mchana na kuwaka tena jioni, na hakuna usafi utakaoiokoa. Kabla ya kulaumu uchafu, kijana, tazama kwanza kama mashine inapumua.

Ikiwa inapumua, basi anza na chujio. Liko mbele, nyuma ya ule uso wa plastiki, na huchomoka kwa mkono bila bisibisi. Ni wavu wa nailoni, haulengi vijidudu wala moshi. Kazi yake ni kuzuia vumbi, nywele na nyuzi za nguo zisiingie kwenye mapezi ya ndani, yenye unyevu kila wakati, ambako vumbi likifika hugeuka tope. Zima mashine kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti. Toa chujio polepole usimwage vumbi kitandani kwa watu. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kawaida, maji yakiingilia upande safi ili yausukume uchafu utokee ulikoingilia. Likung'ute, lianike kivulini. Juani hukunjamana na halirudi kwenye reli zake. Wala usilirudishe likiwa bichi, maana litaota ukungu na chumba kitanuka kama kabati la nguo za mitumba.

Kila baada ya muda gani? Kitabu cha mashine kitasema wiki mbili au mwezi. Mimi nasema vumbi lenyewe ndilo kalenda. Kuanzia Desemba hadi Februari, barabara zikikauka na malori ya mahindi yakipita, wiki mbili ni nyingi. Mvua ya Aprili ikishashika, mwezi unatosha. Shika chujio ulielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga kwa shida, ulichelewa. Wizara ya Nishati ya Marekani imekadiria kwamba kuondoa chujio chafu na kuweka safi hupunguza matumizi ya stima ya kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Kwa kazi ya dakika kumi na ndoo ya maji, sijui uwekezaji mwingine wowote wenye faida hiyo, hata ukiweka pesa kwenye sacco.

Na msiwashe mashine bila chujio eti kwa sababu limechanika na jipya halijafika. Ni nafuu kuzima.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Chujio likiziba, hewa inayopita kwenye mapezi ya ndani hupungua. Mapezi yanakosa joto la kuchota, yanashuka chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa hewa unaganda juu yake. Barafu inaziba zaidi, inaganda zaidi. Mwenye ofisi anaona barafu, anashangaa: mashine imeganda barafu lakini chumba kina joto! Anamwita fundi. Fundi wa haraka anatoa geji zake, anapima upande wa kuvuta, anaona shinikizo liko chini. Anatikisa kichwa. "Gesi imeisha, boss." Anaongeza gesi, anachukua pesa zake, anapanda pikipiki.

Gesi ya mashine hii haiishi. Iko kwenye mabomba yaliyofungwa kwa kuchomelewa, inazunguka tu, na inaweza kuzunguka miaka ishirini. Si petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na pahali hapo hutafutwa na kuzibwa kwanza. Fundi anayekuongezea gesi kila mwaka bila kukuonyesha palipovuja amefanya moja kati ya mawili: amekuuzia gesi itakayovuja tena, au amekuuzia gesi ambayo hukuihitaji. Hilo la pili ni baya zaidi. Siku utakayoosha chujio, hewa itarudi kupita sawasawa, na mashine sasa ina gesi kupita kiasi. Shinikizo linapanda, kompresa inapiga kelele, na fundi anaitwa tena kuuza kompresa. Nilikuta hali hiyo katika ofisi moja ya mji wa ukanda huu. Chujio lilikuwa halijawahi kutolewa tangu mashine ifungwe. Lilikuwa bado na kibandiko cha kiwandani, chini ya uchafu wenye unene wa kidole.

Vijana, geji haidanganyi, ila inajibu swali uliloiuliza tu. Shinikizo la chini upande wa kuvuta mara nyingi lina maana mbili: gesi pungufu au hewa pungufu. Kuzitofautisha si kazi ya digrii. Shika bomba la kurudi kwenye kompresa, lile nene. Likiwa la baridi na linatoka jasho mpaka mlangoni mwa kompresa, gesi ipo. Tafuta kilichozuia hewa. Likiwa vuguvugu na kavu huku shinikizo likiwa chini, hapo ndipo uanze kushuku gesi. Na hata hivyo, chujio kwanza, mapezi pili, geji tatu. Mteja naye ajue kudai utaratibu huo. Fundi akitangulia na mtungi wa gesi kabla ya burashi, mzuie mlangoni kwa heshima.

Jambo hili limevuka mipaka ya mfuko wako. Gesi nyingi tunazotumia hupasha dunia joto zikitoroka. Kilo moja ya ile iitwayo R-404A, ambayo imetumika sana kwenye mashine za kupozea vyakula na maziwa, huhesabiwa kuwa sawa na takriban kilo 3,900 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kuzipunguza hatua kwa hatua, kama yalivyokubaliana Montreal mwaka 1987 kuhusu zile zilizotoboa tabaka la ozoni. Mashine mpya zinakuja na gesi nyingine, na baadhi yake, kama R-290, ni gesi ya jamii ya ile ya kupikia. Inawaka. Soma kibandiko kabla ya kuleta moto wa kuchomelea.

Na ile barafu ya mapezi ya ndani ikishaganda, msiitoboe kwa kisu. Zima kompresa, acha feni peke yake ipulize hadi iyeyuke. Kisu kimetoboa mabomba mengi kuliko kutu.

Upande wa nyuma wa kisanduku una siri moja nzuri. Maji yanayotoka kwenye mapezi ya ndani hutiririka hadi kwenye sinia la nyuma, na feni ya nje ina pete inayochota maji hayo na kuyarusha juu ya mapezi ya moto ili yasaidie kuyapoza. Ndiyo sababu mashine nyingi za namna hii hutoa sauti ya kuchapa maji. Si ugonjwa. Lakini wapo mafundi wanaochukua drili na kutoboa sinia ili sauti iishe, na ukipita mitaa ya zamani ya Mombasa utadondoshewa matone na visanduku ukutani ukiwa huna hatia yoyote. Badala ya kutoboa, safisha sinia. Maji hayo huchotwa pamoja na tope lililomo, na hilo tope ndilo linalorushwa kwenye mapezi.

Kusafisha huko kunataka kukivuta kisanduku kizima kutoka kwenye fremu yake, mara moja kwa mwaka, kabla ya kiangazi. Mnahitaji watu wawili, kwa maana kompresa ni nzito na iko upande mmoja. Msikinyanyue kwa kushika mabomba. Stima ikatwe kabisa, na mngoje kidogo kabla ya kugusa nyaya, kwa kuwa kapasita hutunza umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Kuitoa nguvu ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Tazameni kwenye fremu: nyigu hupapenda, na panya pia. Funikeni mota na kisanduku cha nyaya kwa karatasi ya nailoni. Kisha vumbi litolewe kwa burashi laini, ukifuata mapezi yalivyosimama, juu kwenda chini, kamwe si kukata katikati. Ndipo maji ya mpira wa kawaida, kwa nguvu ndogo, yakitokea ndani kwenda nje. Mapezi yaliyolala yanyooshwe kwa kitana cha mapezi.

Ile mashine ya kuoshea magari muiache kwenye magari. Mapezi haya ni membamba kama karatasi ya sigara. Maji ya shinikizo kubwa huyalaza yote kwa sekunde moja, na mapezi yaliyolala ni sawa na ukuta.

Kwa watu wa maziwa nina onyo jingine, tena hili ni lenu hasa. Kwenye kituo mna mtungi wa soda ya kuoshea tangi. Tangi ni la chuma cha pua, linaistahimili. Mtu mwenye bidii ataona mapezi yana mafuta ya jenereta, atakumbuka soda inavyokata mafuta, ataipaka. Alumini na soda hiyo hulana. Utaona povu, utafikiri uchafu unatoka, kumbe ni mapezi yenyewe yanayeyuka. Asidi nayo ni hivyo hivyo. Kwa mafuta, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza sana, basi.

Kisha nafasi. Mashine ya kumwaga joto inataka kuvuta hewa ya baridi na kuitupa mbali. Nimeona kituo kilichojenga kibanda cha mabati kuizunguka ili isiibiwe, kibanda chenye mlango mdogo, na ndani mashine inavuta hewa ile ile iliyoitoa punde. Wizi upo, sikatai. Jengeni kwa wavu wa chuma, msijenge kwa mabati. Na juu iwe na paa tu la kuzuia mvua na jua.

Mtu ataniambia: huku juu hewa ni ya baridi, mashine yetu ina nafuu kuliko ya Mombasa. Ni kweli, nusu. Pwani, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ukipanda hadi mita 2,000, na nyanda hizi za Bomet haziko mbali na kimo hicho, inabaki kilo moja tu. Feni inasukuma ujazo ule ule lakini hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo inabeba joto pungufu kwa karibu moja ya sita. Baridi ya huku hufidia hilo, mapezi yakiwa safi. Yakiziba, umepoteza mara mbili. Mwenzetu wa Mombasa ana adui wake mwingine, chumvi ya bahari inayoyatafuna mapezi mpaka yawe unga, na jamaa zetu walioko Muscat wana mchanga wa jangwani. Kila mahali pana vumbi lake. Letu ni murram na makapi.

Basi tatizo ni nini, ikiwa kazi yenyewe ni rahisi hivi? Sikubali kwamba ni ujinga. Jamii hii ilijua usafi wa chombo cha maziwa kabla ya chuma cha pua kufika. Hakuna mama wa Kipsigis atakayetia maziwa ya kuchachusha mursik kwenye kibuyu cha sotet ambacho hakikusuguliwa kwa kijiti cha sosiot na kupakwa mkaa wa mti wa senetwet, na hakuna anayengoja maziwa yaharibike ndipo akisugue. Kibuyu kina mwenyewe. Mapezi ya nyuma ya jengo hayana. Meneja anadhani ni kazi ya mhudumu wa tangi, mhudumu anadhani ni ya fundi, fundi anadhani akiitwa ataambiwa, na mlinzi, ambaye ndiye pekee anayekaa karibu na mashine usiku kucha na kusikia sauti yake ikibadilika, hajaulizwa neno.

Bajeti inasema ukweli huo wazi zaidi. Katika bajeti nyingi za vituo utaona fungu la gesi, fungu la dizeli ya jenereta, fungu la matengenezo ya dharura. Fungu la burashi halipo. Kompresa mpya hupitishwa na kamati kwa kikao cha haraka, kwa sababu maziwa yanaharibika na watu wana hasira. Burashi, mpira wa maji na posho ya mtu mmoja kwa asubuhi moja kila wiki hukosa mtu wa kuzipendekeza. Mimi naona huo ni uamuzi, hata kama hakuna aliyenyoosha mkono.

Ninachopendekeza kitatosha kwenye daftari la shule. Ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani karibu na mashine. Tarehe ya kupiga burashi, tarehe ya kuosha kwa maji, jina la aliyefanya, na muda ambao tangi lilichukua kushuka hadi nyuzi 4. Hiyo safu ya mwisho ndiyo muhimu kupita zote. Ikiwa wiki iliyopita lita kiasi fulani zilichukua saa mbili na nusu, na leo kiasi kile kile kinachukua saa tatu na robo, mashine imewaambia kabla haijafa. Mlinzi apewe namba ya simu ya kupiga akisikia kompresa inawaka na kuzima ovyo. Na kwenye ofisi zenye kisanduku cha ukutani, ukurasa uwe huo huo, chujio likichukua nafasi ya tangi.

Mkutano mkuu ujao, kabla hamjafika kwenye bei ya lita, simameni muulize maswali mawili: ni nani anayesafisha upande wa joto, na ni lini mara ya mwisho? Asimame mwenyewe ajibu, kwa jina lake, akiwa na ukurasa mkononi. Kama hakuna wa kusimama, msiifunge ajenda hiyo mpaka apatikane, na posho yake iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano siku hiyo hiyo.